Thoreau na hoja ya nguo za kufuliwa

Akitajwa Henry David Thoreau, mwandishi wa Marekani wa karne ya 19 aliyeishi peke yake kibandani msituni, hakosekani wa kudakia: si yule aliyejidai kuishi porini huku mama yake akimfulia nguo? Hoja hiyo imezoeleka hadi wapo wasiojua kingine kumhusu. Tuimalize kwanza.

Tarehe 4 Julai 1845 Thoreau alihamia kando ya ziwa dogo la Walden, karibu na mji wa Concord, Massachusetts, akakaa kwa miaka miwili na miezi miwili. Ardhi ilikuwa ya rafiki yake Ralph Waldo Emerson. Reli ilipita hapo hapo, na mjini palifikika kwa miguu. Lakini mengi ya hayo kayaandika mwenyewe katika kitabu chake *Walden* (1854). Reli imo, wageni wana sura yao nzima, na gharama ya kibanda imeandikwa hadi nusu senti: dola 28 na senti 12 na nusu. Anayedhani amemfumania hajamsoma.

Lawama nzito ni nyingine, kwamba waliyasifu maumbile bila kuyatazama, na inaanzia kwa Emerson, aliyekuwa kinara wa kundi lao la watransendentali, yaani wanafikra walioamini kwamba mtu huufikia ukweli wa kiroho kupitia nafsi yake na maumbile. Mwaka 1832 aliacha uchungaji huko Boston, na miaka minne baadaye akatoa kitabu cha *Nature* (Maumbile). Humo anajiona amegeuka jicho angavu, nafsi imetoweka, Mungu anapita ndani yake. Ni maneno matamu, ila mti wenyewe ni upi? Ndege yupi? Kisha anaandika kwamba maumbile yameumbwa ili yatumike, na yanapokea utawala wa binadamu kwa upole kama punda aliyepandwa na Mwokozi. Wanaomtaja Emerson kama babu wa uhifadhi wa mazingira wangefaa kusimama kidogo kwenye huyo punda. Bepari wa mbao asingekuwa na neno la kumpinga.

Thoreau alianza kama mwanafunzi wake, lakini hakubaki hapo. Mwaka 1846 alipanda mlima Katahdin huko Maine, akakuta mawe na ukungu visivyomjali mtu, akarudi akiwa ameshtuka. Miaka ya 1850 akawa anazunguka Concord na daftari, akiandika ni lini kila ua limechanua. Wapo waliosikitika kwamba mshairi amegeuka karani. Kwangu mimi huo ndio urithi wake mkubwa: mwanasayansi Richard Primack wa Chuo Kikuu cha Boston na wenzake walizilinganisha tarehe hizo na za leo, wakaonyesha kwamba mimea mingi ya Concord sasa huchanua mapema zaidi kwa sababu ya joto. Jicho angavu la Emerson halina takwimu za kutuachia.

(Mwishoni mwa *Walden*, Thoreau huyo huyo anasema haifai kuizunguka dunia kwenda kuhesabu paka wa Zanzibar. Enzi hizo meli za bandari ya Salem, katika jimbo lake hilo hilo, zilikuwa zikifanya biashara Unguja. Wafanyabiashara hao walifuata pembe za ndovu, si paka.)

Hata hivyo, sitamtoa bila doa. Msitu wa Walden haukuwa tupu. Waliwahi kuishi humo watu weusi waliotoka utumwani: Cato Ingraham, Zilpah, Brister Freeman. Thoreau anawataja kwa majina, jambo ambalo wengi wa wakati wake wasingejisumbua nalo, na huyu ni mtu aliyelala jela usiku mmoja mwaka 1846 kwa kugomea kodi ya serikali iliyokumbatia utumwa. Anauliza kwa nini kijiji chao kilikufa huku Concord ikidumu. Ila anapotafuta jibu, anaangalia maji na udongo. Swali la nani aliwasukumia kwenye udongo ule mbovu halimshughulishi, ingawa waliojua jibu walikuwa majirani zake mjini, na alikuwa akienda huko kila baada ya siku moja au mbili.