Mkuu wa Mkoa Kalala Kwetu

Mimi naishi ng'ambo. Ng'ambo yenyewe ni Tanga, mtaa wa Chumbageni, dakika kumi kwa bajaji kutoka hospitali niliyozaliwa.

Ilikuwa hivi. Nilikwenda Kanada kijana, nikakaa Edmonton miaka 14, nikala kiapo cha uraia. Tanzania haina uraia pacha, kwa hiyo siku niliyopata nchi ya pili ndiyo niliyopoteza ya kwanza. Baadaye nikapata kazi kwenye kampuni ya mizigo hapa hapa Tanga, nikarudi na kibali cha ukaazi daraja B, sawasawa na fundi mitambo aliyeletwa kutoka Korea. Nikaoa. Siku niliyompeleka mke wangu Mapango ya Amboni, yeye alilipa kiingilio cha raia, mimi nikadaiwa cha mgeni. Nikamwambia kijana wa getini, "Mimi ni mtoto wa Makorora, bwana!" Akaitazama pasi yangu, akanirudishia kwa mikono miwili. "Karibu sana Tanzania."

Basi tulipoamua kuhamia Edmonton nikaanza kumdhamini mke wangu. Kanada inamruhusu raia wake kumdhamini mwenzi hata akiwa nje ya nchi, ila lazima aonyeshe kwamba mwenzi akipata ukaazi wa kudumu, naye atarudi kuishi kule. (Mwenye ukaazi wa kudumu tu hana ruhusa hiyo, akitaka kudhamini awe ndani.) Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ikawa kuandika barua ya kueleza nitakavyorudi "nyumbani". Nikaiandika nimekaa barazani, adhana ya alasiri inatoka msikiti ule ule niliochapwa kwa kukosea alifu. Binamu yangu wa Edmonton akaambatisha barua yake kwamba ana vyumba viwili vya chini atatupa na hita inafanya kazi. Hita kaitaja mara tatu. Januari ya kule inaweza kushuka nyuzi 30 chini ya sifuri, na mke wangu akiwa Lushoto hulalia mablanketi mawili.

Ndiko anakofundisha, Lushoto. Uhamisho wa kumleta mjini aliomba kabla hatujaoana, na barua ya majibu naamini inakuja kwa miguu. Tunaonana mwisho wa mwezi, siku nyingine zote tunaishi kwenye simu. Shikeni hilo.

Mama mkwe, anayekaa Ngamiani, alitaka kusomewa kila karatasi ya faili. Nilipofika kwenye ahadi ya udhamini, kwamba kwa miaka 3 mimi ndiye mwenye kumtunza mwanawe, na kwamba hata tukiachana ahadi haifutiki, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akamgeukia baba mkwe: "Umesikia? Wewe ulimwandikisha mahari tu."

Huyo ndiye mama mkwe wangu, na kwa kuwa kisa chote kinamhusu, nimweleze vizuri. Ni mwanamke wa haki, mkarimu, na hapitwi na jambo. Kila jioni saa kumi na mbili hupiga simu kuuliza nimekula nini. Akija kwangu huanzia jikoni, hufunua sufuria, hufungua friji, hutoa maagizo na muda wa utekelezaji. Wiki ya pili ya ndoa nikamwandikia mke wangu ujumbe: "Mkuu wa Mkoa kafanya ziara ya kushtukiza." Mke wangu akacheka siku tatu. Kuanzia hapo mama yake hakuitwa jina jingine katika simu zetu. Na baba mkwe, ambaye kazi yake ni kutekeleza yaliyoamuliwa, akawa Katibu Tawala.

Turudi kwenye faili. Wanataka ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli. Picha zisizidi 20. Mimi nilikuwa na picha mia nne za harusi, lakini nikae na nani nimweleze ndoa ya Kitanga? Wanaume msikitini, wanawake ndani, na huko ndani simu zilikusanywa mlangoni kwenye kapu. Picha zangu zote nzuri ni nimevaa kanzu na joho, nimeshikana mkono na baba mkwe, macho kwa macho, shehe ametuinamia, umati unatabasamu. Ofisa wa Kanada akizitazama, ataamini kwa dhati kwamba nimemwoa mzee yule. Ndiyo maana tulikwenda Amboni: tulikuwa tunatafuta picha tulizo wote wawili, hata kama nyuma yetu kuna popo.

Baada ya picha, mawasiliano: kurasa zisizozidi 10. Nikachagua zile ambazo mtu akisoma ataona watu wanaoishi pamoja kwa roho, bei ya nyanya, homa, nani kaja, nani kalala. Nikaruka zile za saa tano usiku. Nilijisifu kwa busara hiyo.

Sasa karatasi isiyo ya Kiingereza wala Kifaransa lazima itafsiriwe, na mfasiri asiwe mwombaji wala ndugu yake. Shemeji yangu mwenye shahada ya Kiingereza akatoka. Nikaelekezwa kwa Mwalimu mmoja mstaafu pale Barabara ya Kumi na Mbili, mzee wa kofia ya kiua, aliyefundisha Kiingereza mpaka watoto wa wanafunzi wake. Bei yake elfu kumi kwa ukurasa, na hati ya kiapo kwa wakili juu yangu. Aliniambia jambo moja tu: "Mimi siongezi, sipunguzi. Tafsiri ni amana."

Baada ya siku nne akaniita. Nilipoingia, alisimama. Mzee wa miaka sabini na kitu, nasema shikamoo yeye anasimama! Akanivutia kiti chenye mto, akaagiza kahawa. Nikasema moyoni, hii ndiyo nguvu ya pasi ya Kanada. Nikalipa, nikachukua bahasha iliyofungwa kwa gundi na mhuri wa wakili. Sikuifungua. Mtu kakuapia, wewe unakagua nini? Nilipotoka akanishika mkono kwa faragha: "Mwanangu, nina kiwanja changu Pongwe, jirani kasogeza uzio hatua sita. Ukipata nafasi, basi utaje tu kule juu."

Nikajibu, "Inshallah, Mwalimu," nikidhani kule juu ni kwa Mungu.

Faili likaenda, na ada ya zaidi ya dola 1,000 za Kanada. Mke wangu akaenda Dar kuchukuliwa alama za vidole na kupimwa afya. Tukatulia. Pale barazani kwa baba mkwe nikaanza kupewa kikombe cha kwanza cha kahawa. Mzee mmoja akaniuliza kuhusu leseni ya daladala. Mwingine akataka kujua mjukuu wake afanyeje kupata kazi halmashauri. Nikawa najibu kwa ujumla kama mtu mwenye uzoefu wa nje.

Kisha ikaja barua kutoka Kanada.

Ilikuwa ya heshima, kama zilivyo barua zao zote zinazotisha. Walikuwa wamepitia mazungumzo yetu. Walitaka, ndani ya siku 30, nieleze uhusiano wangu na mke wangu na kiongozi wa serikali anayetajwa humo. Kama mmoja wetu aliwahi kushika wadhifa serikalini. Na fedha zilizotajwa ukurasa wa 7 zilikuwa za nini.

Nikaitafuta nakala ya tafsiri, nikaisoma kwa mara ya kwanza. Mwalimu hakuongeza, hakupunguza. Cheo kamili, herufi kubwa kila mahali, Kiingereza kimenyooka kama rula. Mkuu wa Mkoa amekagua jiko asubuhi akakuta sufuria haina mfuniko, ametupa siku saba. Mkuu wa Mkoa ameleta beseni la dagaa, ameagiza lifike Lushoto bila kuguswa. Mkuu wa Mkoa amelala kwetu jana usiku, Katibu Tawala amekoroma mpaka alfajiri. Na huo ukurasa wa 7: Mkuu wa Mkoa amenipa elfu hamsini, amesema Katibu Tawala asijue.

Nilikaa chini. Kwa ofisa wa Kanada, mimi ni mtu anayepokea pesa za siri na samaki kutoka kwa kiongozi wa serikali anayelala sebuleni kwangu. Hapo hapo nikaelewa kahawa, kiti chenye mto, na uzio wa Pongwe.

Nikampigia mke wangu. Akacheka mpaka wanafunzi wake wakaja dirishani. Nikamwambia inatakiwa barua ya mama mwenyewe, atamke kwamba yeye ndiye. Kicheko kikakatika.

"Kamwambie wewe. Jina ulitunga wewe."

"Umelitumia kuliko mimi! Ukurasa wa 3 peke yake mara tisa!"

"Mtandao wa Lushoto mbaya, mume wangu," akasema, nikimsikia vizuri kabisa, akakata.

Nikanunua sukari kilo mbili na mchele kilo tano nikaenda Ngamiani. Kwetu mkwe wa kike humwangalii usoni ukimsemesha, na mimi nilishukuru mila hiyo kuliko siku zote. Nikaeleza yote nikiutazama mkeka. Baba mkwe alikuwa amevaa miwani anasoma tafsiri, midomo inacheza. Nilipomaliza hakuna aliyesema kitu. Feni inazunguka. Mama mkwe akauliza, taratibu:

"Mkoa upi?"

"Huu... huu wetu, mama."

"Tanga yote?"

"Yote, mama. Na wilaya zake."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeletewa mahesabu akakuta yamelingana. Baba mkwe akavua miwani.

"Na huyu Katibu Tawala anayekoroma ni nani?"

Nikazidi kuutazama mkeka. Nyuzi zake naweza kuzihesabu hadi leo.

"Haya, chukua kalamu," mama mkwe akasema. "Andika. Mimi ndiye niliyelala kwake, kwa kuwa mvua ilinyesha. Dagaa walikuwa wangu, nilinunua Deep Sea kwa pesa yangu. Sufuria mpaka leo haina mfuniko. Na zile elfu hamsini..."

Hapo akanyamaza. Akagundua alichogundua. Baba mkwe naye alikuwa amesharudisha miwani usoni, anautafuta ukurasa wa 7.

"Elfu hamsini zipi?" akauliza Katibu Tawala.

Sitasimulia dakika arobaini zilizofuata, ila mjue zilitoka kwenye pesa ya bati la choo, na kwamba nilizirudisha pale pale, na mia tano ya nauli ikabaki mfukoni.

Barua ikaandikwa kwa Kiswahili, mama mkwe akasaini, na kama mnavyokumbuka, lazima itafsiriwe na mtu asiye ndugu. Tukaenda wote wawili Barabara ya Kumi na Mbili. Mwalimu akaisoma mara mbili, akaniangalia, akamwangalia mama mkwe, sura ikaanguka.

"Kwa hiyo uzio wangu..." akasema.

"Uzio gani?" akauliza mama mkwe.

Akasimuliwa. Jumamosi ile alipanda daladala ya Pongwe na mwavuli wake. Alimwambia nini yule jirani, hajatueleza, na mimi si wa kuuliza. Ninachojua, Jumatatu mafundi walikuwa wanang'oa nguzo, na uzio ukarudi hatua sita.

Nilipokwenda kuchukua tafsiri, Mwalimu alikataa pesa yangu. Akanikabidhi bahasha, akasimama tena, akakaza kofia yake.

"Unaona sasa," akasema. "Tafsiri yangu ya kwanza haikuwa na kosa."