Tela Kuukuu la Safari Likaguliwe Wakati wa Mvua

Mwezi Agosti, wakati vumbi la Mufindi lilipokuwa limetanda juu ya kila jani na anga lilikuwa halina hata wingu moja, nilinunua tela la kulala, lile ambalo wengine huliita karavani, lililokuwa limeegeshwa kwa miaka mingi nyuma ya ghala la shamba moja karibu na Mafinga. Nililizunguka, nikaligonga ubavuni, nikaingia ndani nikatembea kutoka mlangoni hadi kwenye kitanda, kisha nikalipa shilingi 2,500,000. Mvua za Desemba ndizo zilizonijulisha nilichokuwa nimekinunua. Tangu wakati huo nina msimamo ambao ndugu zangu wamechoka kuusikia: tela la namna hii lisinunuliwe wakati wa kiangazi, hata kama bei yake ni ya kutupa.

Sababu yake imo katika jinsi matela hayo yalivyoundwa. Mengi ya yale ya zamani yaliyotengenezwa Uingereza au Afrika Kusini yana mifupa ya mbao nyembamba, iliyovikwa bati la aluminiamu kwa nje na plaiwudi au hadibodi kwa ndani, na sakafu yake ni plaiwudi iliyolazwa juu ya chesisi ya chuma. Mnunuzi hulitazama bati, naye akiona halina kutu huridhika, ingawa aluminiamu haipati kutu kama ya chuma hata nyumba nzima iliyo nyuma yake iwe imeoza. Maji hupenya kwenye maungio: pale paa linapokutana na ukuta, pembeni mwa madirisha, na chini ya vipande vya aluminiamu vinavyofunika kingo. Yakishaingia hayatulii hapo, bali hufuata mbao kimyakimya hadi kwenye kona ya chini, mbali kabisa na tundu yalikopitia. Mbao ikikaa na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, kuvu huanza kuila. Kiangazi kinapofika, mbao hiyohiyo hukauka, harufu hupungua, milango iliyokuwa ikikwama huanza kufunga vizuri, na tela zima huonekana lina afya, kama mgonjwa wa malaria anayekwenda kupimwa siku ambayo homa imeshuka.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania jambo hili ni zito zaidi kuliko kwingine. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na upande wa Tukuyu huchelewa zaidi kukatika. Zikiisha, baridi ya Juni na Julai huja na ukungu wa asubuhi ambao haumpi mtu nafasi ya kuanika hata shuka. Tela lililosimama misimu kumi chini ya miti ya milingoti, majani yakiwa yameziba mifereji ya paa, limekunywa maji mengi kuliko bustani.

Siku ya kwanza ya matengenezo, fundi seremala niliyemwita nyumbani kwangu Uyole, Mbeya, aliinua godoro, akachukua bisibisi na kuisimamisha kwenye kona ya sakafu. Hakuikandamiza, lakini ilizama hadi kwenye mpini. Mimi nilikuwa nimetembea katikati tu, penye ugumu, wala sikufikiri kukanyaga pembeni chini ya vitanda. Alinitazama akasema, "Mwalimu, hapa umenunua bati na magurudumu. Nyumba haipo." Mbao zenyewe hazikutusumbua, kwa kuwa paini ya msitu wa Sao Hill iliyotiwa dawa inapatikana bila shida. Kilichomaliza fedha ni kazi ya kulivua bati bila kulichana, kutoboa ribiti moja baada ya nyingine, na kukuta kwamba kila mahali palipokuwa na skurubu ya chuma, aluminiamu iliyoizunguka ilikuwa imegeuka unga mweupe. Chuma na aluminiamu vikikutana penye maji huharibiana namna hiyo, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kufikia mwezi wa Machi nilikuwa nimetumia zaidi ya ile bei niliyonunulia, na paa lilikuwa bado halijaguswa.

Kwa hiyo nashauri mnunuzi aende asubuhi inayofuata usiku wa mvua, na aombe kabla ya hapo kwamba mlango na madirisha visifunguliwe mpaka afike, kwa sababu pua yake ndiyo itakayotangulia kumpa habari. Akishaingia, asipoteze muda kutazama mapazia. Avue viatu akanyage kila kona kwa kisigino, afungue makabati yote, na abonyeze kuta kwa kiganja kuanzia usawa wa madirisha kushuka chini, akitafuta mahali panapobonyea. Kisha atandike gunia alale chini ya tela na tochi. Vipo vipimo vya unyevu vya kisasa, lakini kidole gumba na bisibisi vinatosha. Rangi mpya ndani ya tela kuukuu inapaswa kumtia shaka, na silikoni mpya iliyopakwa nene juu ya maungio impe shaka kubwa zaidi, maana mara nyingi huwa imeyafungia maji ndani badala ya kuyazuia nje. Ikiwa hana budi kwenda kiangazi, aombe mpira wa maji na kumwagia paa kwa nusu saa. Muuzaji anayekataa jambo hilo amekwisha kumjibu.

Wako wanaonipinga kwa kusema kwamba cha kwanza ni chesisi na hati. Kuhusu hati sina ubishi: tela husajiliwa na kuwa na namba yake, kwa hiyo kadi ionekane, namba ya chesisi ilinganishwe nayo, na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, waulizwe kabla fedha haijatoka mfukoni. Lakini chesisi, ekseli, beringi na breki ni mambo ya chuma, na chuma hakifichi ugonjwa wake kulingana na majira. Kutu ya Agosti ndiyo kutu ya Februari, na fundi wa kuchomelea wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, huimaliza kwa siku chache. Matairi nayo hujieleza yenyewe, kwa kuwa tarakimu nne zilizopigwa ubavuni hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi la umri huo halifai hata kama meno yake bado ni mapya. Breki zisidharauliwe, hasa kwa mtu anayetarajia kuteremka mlima Kitonga na mzigo nyuma yake. Mimi nililivuta langu kilomita 250 hivi kutoka Mafinga kwa pikapu ya kuazima, nikisimama Makambako na Chimala kushika habu kama zimechemka, na ninakiri kwamba safari hiyo haikuwa ya busara.

Vijana wengi siku hizi hupenda picha za yale matela ya Kimarekani yanayong'aa, ya Airstream, jina lililokuwapo tangu miaka ya 1930. Uimara wake siupingi, kwani mwanzilishi wake, Wally Byam, aliongoza msafara wa matela 41 ya aina hiyo kutoka Cape Town hadi Cairo kati ya mwaka 1959 na 1960. Hata hivyo, yale ya zamani nayo yana sakafu ya plaiwudi inayooza vilevile, na mlango wake uko upande wa kulia, maana Wamarekani huendesha upande mwingine wa barabara. Ukiliegesha kando ya barabara yetu, unashukia kwenye njia ya malori yanayokwenda Tunduma.

Faida nyingine ya kununua wakati wa mvua ni bei. Barabara za mashambani zikishakuwa tope, wanunuzi hawafiki, na mwenye mali aliyekaa na tela lake tangu Juni huwa tayari kuzungumza.

Mwezi Julai mwaka huu bwana mmoja wa Njombe alinipigia simu kuniambia kwamba analo tela, kavu kabisa, na kwamba kama nina haraka atanipunguzia. Nilimshukuru nikamwambia nitafika Februari. Alinionya kwamba Februari njia ya kwake haipitiki. Nilimjibu kwamba nalijua hilo, na kwamba nitakuja na buti za mpira.