Mtoto wa miaka tisa anaulizwa wakili wake yuko wapi

Jamani nina miaka 11 hapa Marekani na bado kuna kitu kimenishinda kukizoea. Mwezi uliopita nilimsindikiza jirani yangu, dada mmoja Mkongo, korti ya uhamiaji maana Kiingereza bado kinampiga chenga, tukakaa kwenye benchi tunasubiri aitwe. Kabla yake akaitwa mtoto wa kiume, kwa kumtazama hazidi miaka tisa, katokea Honduras, yuko na shangazi yake. Wakamvalisha hedifoni za mkalimani, kubwa, zinateleza, ikabidi azishike kwa mikono miwili muda wote. Hakimu akamuuliza, kwa upole kabisa, umepata wakili? Shangazi akatoa ile karatasi ya mawakili wa bure wanayogawa hapohapo kortini, kila namba kaikata kwa peni, wote wamemwambia wamejaa. Upande wa pili kakaa wakili wa serikali na faili lake mezani.

Sheria ya huku inakuruhusu uwe na wakili ila serikali hailipi, eti kwa kuwa kesi ya kurudishwa kwenu siyo jinai. Kwa hiyo kijana wa miaka 14 akiiba gari anapewa wakili bure, hilo Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaliamua 1967, ila huyu aliyevuka mpaka ajisemee mwenyewe! Mwaka 2015 hakimu mmoja wa uhamiaji alisema chini ya kiapo kwamba ameshawafundisha sheria hizi watoto wa miaka mitatu na minne wakaelewa. Mimi wangu ana minne, hata mtaa tunaokaa haujui.

Halafu Machi 2025 serikali ikakata mkataba uliokuwa unalipia mawakili wa watoto waliokuja peke yao, watoto kama 26,000, mpaka jaji wa San Francisco akaamuru hela irudi.

Kwetu Tanzania mawakili ni wachache, ukitoka mjini ndo kabisa, lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka afisa ustawi wa jamii awepo mtoto akifikishwa mahakamani, na mtaani kwetu Tanga mtoto akishikwa lazima mjomba au mjumbe aende kusema huyu wetu. Na tusijisifu sana, wale vijana wa Ethiopia wanaokamatwa njiani kwenda Afrika Kusini wengine ni watoto kabisa na wanaishia mahabusu bila wa kuwasemea, hilo linaniuma vilevile. Ila sisi angalau tunaweza kusema hatuna uwezo. Huku mawakili wanajitangaza mpaka kwenye mabasi, kila kona, leo mtoto anakosa hata mmoja?

Yule mtoto kapewa tarehe nyingine. Jirani yangu naye anarudi mwezi ujao na nitaenda naye, na nyie mnaojua Kiswahili na Kifaransa, watoto wa Kongo nao wanapita kwenye korti hizi, mashirika ya mawakili wa bure yanahitaji wakalimani, pigeni simu mjiandikishe.