Fomu ya huku haina sehemu ya gunia la nyumbani

Nafanya kazi huku ughaibuni kwenye ghala la kufungashia mboga na matunda, na miaka miwili hii kazi yangu kubwa imekua kuhesabu gesi joto (zile gesi zinazopasha dunia joto) inayotokana na vifungashio, yaani kila mfuko, kila katoni, kila kiplastiki kinachozungushwa kwenye tango kinapanda kwenye mizani, zinaandikwa gramu zake, zinazidishwa kwa namba ya malighafi yake, yaani kilo moja yake ikitengenezwa inatoa gesi joto kiasi gani, halafu unapata kilo za gesi joto. Nyumbani nikiwaambia wanashangaa, kwamba hiyo nayo ni kazi? Ni kazi jamani, na naipenda sana, ndo maana nimeamua kuandika, kuna kitu kinaniuma.

Kwanza niwape sifa wa huku, hawakisii. Siku ya kwanza msimamizi alinipa trei moja ya nyanya akasema ifungue yote, pima. Nikabandua plastiki ya juu, nikapima, trei yenyewe nikapima, stika nayo nikapima, nikamwambia tayari. Akaniuliza, na katoni iliyobeba hizo trei 12? Na nailoni iliyozungushwa kwenye paleti nzima, lile jukwaa la mbao la kupangia katoni? Nikarudi ghalani nikaibandua nailoni yote, ikawa bonge la mpira mkononi, nikaipima nikagawa kwa idadi ya trei. Kumbe sehemu kubwa ya plastiki mteja haioni kabisa, inaishia ghalani. Ule utaratibu natamani sana nyumbani tuwe nao, kwetu mambo mengi tunasema "ni kidogo tu" bila kuweka kitu kwenye mizani.

Ila sasa na wa huku wana pa kukosea. Mtu wa kawaida huku akiona tango limevaa plastiki anakasirika, anaona hiyo ndo dhambi yote. Kuna utafiti ulifanyika Uswisi na taasisi ya Empa kuhusu matango yanayotoka Hispania, wakakuta ile plastiki ni kama asilimia 1 tu ya madhara yote ya tango kwa mazingira, na tango moja likitupwa limeoza ni sawa na plastiki za matango 93. Tisini na tatu! Kwenye hesabu ya dunia ni vile vile, mfumo mzima wa chakula mwaka 2015 ulikadiriwa kutoa kama asilimia 34 ya gesi joto zote za binadamu, na vifungashio ni kama asilimia 5 tu ya hiyo. Sasa ukipima kifungashio peke yake bila kuuliza kimeokoa chakula kiasi gani, unapata namba nzuri kwenye ripoti na pipa limejaa mboga zilizonyauka. Mimi nasema hesabu igawanywe kwa kilo ya chakula kilicholiwa, sio kilo iliyotoka ghalani.

Haya, kilichonifanya niandike ni mdogo wangu. Yeye yuko nyumbani, wanakusanya mazao ya wakulima, na mnunuzi wa nje amewataka wajaze fomu ya gesi joto ya vifungashio vyao. Akanitumia picha usiku, "Kaka hii fomu mbona haina sehemu ya kusema gunia limetumika mara ngapi?" Nikacheka kidogo nikajua ameruka ukurasa, nikaipitia yote, nikairudia. Kweli haipo. Kila gunia linahesabika jipya, limetumika safari moja likafa. Lakini gunia la kwetu mnalijua, linabeba, linarudi, linachanika linashonwa kwa sindano kubwa na uzi wa nailoni, linapigwa kiraka, linabeba tena, likichoka kabisa linakua la kuanikia au la kufunika kitu uani. Hiyo kazi yote kwenye fomu ni sifuri.

Na sio jambo dogo kihesabu. Chukua kreti ya plastiki ya kilo 2, plastiki ile kuizalisha tu kila kilo inatoa takriban kilo 2 za gesi joto, kwa hiyo kreti nzima ni kama kilo 4. Ikibeba mzigo mara moja ikatupwa, kilo zote 4 zinaubebesha mzigo huo mmoja. Ikibeba mara 50 ni gramu 80 kila safari, ukiongeza kuiosha na mafuta ya gari la kuirudisha ikiwa tupu. Kreti ni ile ile, mkulima ni yule yule, ila kwa fomu ile anaonekana mchafuzi mara hamsini.

Halafu ukifika sehemu ya mwisho wa maisha ya kifungashio unachagua moja kati ya tatu, dampo, kurejelezwa au kuchomwa kwenye mtambo wa umeme. Kuchomwa nyuma ya nyumba hakuna. Hapa sasa fomu inatupendelea na lazima niseme ukweli hata kama unatuuma, plastiki ya mifuko ikiungua kilo moja inatoa kama kilo 3 za kaboni dayoksaidi, bado ule moshi mweusi ambao fomu nyingi haziuhesabu kabisa na ndo tunaovuta sisi na watoto. Mdogo wangu akaniuliza, "sasa niweke dampo?" Nikamwambia hapana, usidanganye, andika pembeni kwa mkono kwamba zinachomwa. Na wanaodhani katoni ndo jibu wakumbuke karatasi ikifukiwa kwenye jaa lisilopitisha hewa inatoa methani, ambayo kwa miaka 100 inapasha joto karibu mara 27 au zaidi kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito ule ule.

Wala sisemi gunia ni malaika. FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, wanakadiria kama asilimia 13 hadi 14 ya chakula duniani kinapotea kati ya kuvuna na kufika dukani, na gunia lililojazwa mpaka kichwa kikatokeza, likarundikwa chini kabisa na watu wakalikalia, linachangia, nyanya ya chini inafika imeshakua juisi. Kwa mazao laini kreti inayorudi inashinda gunia kwa mbali, kwa mazao makavu sidhani kama kuna kinachoshinda gunia linaloshonwa. Ila hayo nayasema kwa macho tu, kwa sababu wanaotunga hizi fomu hawajawahi kupima kwetu, na sisi wenyewe hatujapima, tunaazima namba za watu.

Basi tumeanza. Mdogo wangu amechukua magunia 40, kila likirudi anapiga mstari mmoja wa rangi pembeni, na wakipakua anapima mazao yaliyoharibika kabla hayajatupwa. Mimi nimetengeneza jedwali lenye sehemu mbili ambazo zilikosekana, mara ngapi limetumika na limeishia wapi, na nimempelekea msimamizi wangu, amesema atalipeleka kwa wanaoandaa fomu. Kama uko nyumbani na unashughulika na magunia au makreti, hesabu mizunguko yako, hata kwa mkaa ukutani, niandikie nikutumie hilo jedwali.