Jino Ambalo Halikung'oka

Kwa kuwa rafiki yangu ameshawasimulia kwamba niling'oka jino katikati ya mafungo ya ukimya, na kwa kuwa tangu jana napokea pole zenu pamoja na ushauri wa kusukutua maji ya chumvi, naona ni haki yangu kueleza kilichotokea, ingawa nawaonya mapema kwamba ukweli unaniaibisha kuliko uongo wake.

Mafungo yalikuwa ya siku tatu. Jioni ya kwanza, kabla hatujafunga vinywa, kiongozi alitueleza habari za Abba Agathoni, mmonaki wa jangwa la Misri katika karne ya 4, ambaye inasimuliwa kwamba alikaa miaka mitatu na jiwe kinywani hadi akajifunza kunyamaza. Wenzangu waliipokea habari hiyo kama watu wazima. Mimi, ambaye hata katika sala ya kimya midomo hunicheza, nilitoka nje, nikaokota kijiwe cheupe, nikakiosha (msiniulize mara ngapi) na kukitia shavuni.

Wanaocheka wacheke, lakini kilinifaa. Kila nilipotaka kusema neno, ulimi uligonga jiwe, nami nikapata nafasi ya kulitazama neno lenyewe kabla halijatoka. Mengi hayakuwa na haja. Asubuhi, kwa mfano, nilikuwa karibu kumjulisha jirani yangu kwamba nimeamka kabla ya kengele.

Sasa tufike alfajiri ya siku ya pili. Tulikuwa tumeketi katika kanisa dogo lenye sakafu ya mbao, macho tumefumba, na utulivu ulikuwa mkubwa kiasi cha kumsikia mtu akimeza mate. Nilidhani nimezama katika tafakari, kumbe nimezama usingizini. Taya likalegea. Kijiwe kikateleza juu ya ulimi, kikapita mdomoni taratibu kama mgeni anayeaga, kikaanguka. Ta! Kikaruka. Ta! Kisha kikaanza kubingirika, na niliyasikia mabingiriko yote, chini ya benchi la kwanza, chini ya la pili, hadi kilipogonga kiatu cha kiongozi na kutulia. Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu walikuwa wameketi nyuma yangu.

Nilipofumbua macho, mama mmoja alikuwa ananitazama kwa huruma huku ameziba kinywa chake kwa kiganja. Nikaelewa anachofikiri. Nikatikisa kichwa na kumkenulia meno yote ili ayahesabu mwenyewe. Akafanya ishara ya msalaba. Kiongozi aliinama, akakifunga kijiwe katika leso safi, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Tangu hapo nililetewa chakula laini bila kuomba. Usiku nilikuta mto wa pili kitandani. Wote walinihurumia, na hakuna aliyeruhusiwa kuniuliza wala mimi kujieleza, nami ndipo nilipotambua kwamba kunyamaza kwenyewe hakukuwa kugumu. Kilichoniuma ni kuacha watu waniwazie vibaya nisiweze kulisafisha jina langu. Ndugu zangu, nilikuwa tayari kuivunja nadhiri yangu, tena si kwa ajili ya kumsifu Mungu, bali kwa ajili ya jino.

Siku ya tatu kengele ya ruhusa ikalia. Rafiki yangu alikuwa wa kwanza kutoka getini, na mengine mnayajua.

Mimi nilimkimbilia kiongozi. "Baba, lile lilikuwa jiwe."

"Najua, mwanangu. Nililiokota mimi."

"Sasa mbona hukuwaambia?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Tulikuwa kimya."