Seva ya mafaili ya ofisi isionekane kwenye intaneti

Ombi ninalolisikia mara kwa mara kutoka kwa wenye ofisi ndogo, hasa za wahasibu, mawakili na wakandarasi, ni lilelile: mafaili yote yako kwenye seva iliyoko ofisini, na wafanyakazi wanataka kuyafungua wakiwa nyumbani, wakiwa kwa mteja Mwanza au wakiwa safarini. Ombi hilo ni halali kabisa. Ninachokipinga ni jibu jepesi ambalo mafundi wengi hulitoa: kuingia kwenye ruta, kufungua mlango (njia ya kuingilia mtandao yenye namba yake) unaoelekea moja kwa moja kwenye seva, kumwachia bosi anwani na nywila, kisha kukusanya vifaa na kuondoka. Kazi hiyo huisha upesi na mteja hufurahi, lakini kuanzia dakika hiyo seva yenye mishahara, mikataba na nakala za vitambulisho vya watu inaweza kubishiwa hodi na kompyuta yoyote duniani.

Anayebisha hodi hahitaji kukufahamu. Kuna programu zinazopitia anwani za intaneti moja baada ya nyingine, usiku na mchana, zikitafuta mlango namba 445, ambao Windows huutumia kushirikisha mafaili, na namba 3389, unaotumika kuendesha kompyuta kwa mbali. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa kwa kutumia udhaifu wa huduma hiyo ya kushirikisha mafaili, kikayafunga na kudai fidia, na hospitali za umma nchini Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa, ilhali Microsoft ilikwisha kutoa marekebisho tangu Machi. Anayedhani kwamba hayo huyapata mashirika makubwa peke yake akumbuke Aprili 2021, kirusi cha Qlocker kilipowaendea wenye diski za mtandao za QNAP, ambazo ofisi ndogo na hata familia huzinunua kuhifadhia kazi zao, kikayafungia mafaili yao kwa nywila na kuwadai pesa.

Njia ninayoitetea ni VPN, yaani njia ya siri iliyosimbwa inayopita ndani ya intaneti hadi ofisini, inayomilikiwa na ofisi yenyewe, na kati ya zilizopo naipendelea WireGuard, kazi ya Jason Donenfeld iliyoingizwa rasmi ndani ya mfumo endeshi wa Linux mwaka 2020. Kila kifaa hupewa funguo zake, na asiye na ufunguo unaotambulika hajibiwi chochote, kiasi kwamba zile programu zinazopekua anwani hazioni hata dalili ya kuwepo kwa huduma. Haina malipo, hufanya kazi kwenye simu na kompyuta za aina zote za kawaida, na ruta za MikroTik zenye programu endeshi ya RouterOS toleo la 7, ambazo tayari zimo katika ofisi nyingi za kwetu, zinayo ndani yake. Kwa hiyo kisingizio cha gharama hakina uzito. OpenVPN, programu nyingine ya VPN, nayo inafaa. PPTP, aina ya zamani ya VPN, ikataliwe bila mjadala, kwa sababu tangu 2012 watafiti walionyesha hadharani kwamba kinga ya nywila inayotumiwa nayo huweza kuvunjwa ndani ya siku moja.

Ugumu wa kweli upo mahali pengine. Laini nyingi tunazouziwa na kampuni za simu hazimpi mteja anwani yake mwenyewe ya umma, bali wateja wengi hushirikishwa anwani moja, na hivyo aliye nje hawezi kuifikia ruta ya ofisi. Hapo mwenye ofisi aombe anwani ya kudumu, au akodi seva ndogo iliyo nayo, ili ofisi na wafanyakazi wote wakutanie hapo. Ugumu mwingine ni mwendo: kufungua faili kubwa la hesabu moja kwa moja kupitia laini ya simu huchosha, na mfanyakazi aliyechoka atalituma faili hilo kwa WhatsApp. Ni afadhali aendeshe kompyuta ya ofisini kwa mbali, ndani ya VPN, ili faili lisiondoke lilipo.

Kwa Tanzania lipo pia tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, la Oktoba 2023, lililowataka watumiaji wa VPN, kampuni zikiwemo, kujisajili. Natamani tangazo lile lingetenganisha waziwazi VPN ya ofisi na zile za kukwepea vizuizi. Hata hivyo, kampuni isajili yake. Isikimbilie kufungua milango ya ruta kwa kuogopa fomu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni watu waliokwisha kuondoka. Mwishoni mwa Aprili 2021 wavamizi waliingia katika mtandao wa kampuni ya mafuta ya Colonial Pipeline, Marekani, kwa akaunti ya zamani ya VPN iliyodhaniwa kuwa haitumiki tena, ikilindwa na nywila pekee bila hatua ya pili ya uthibitisho, kama namba ya siri inayotumwa kwenye simu; Mei bomba likafungwa kwa siku kadhaa na kampuni ikalipa fidia ya takriban dola milioni 4.4. Katika ofisi zetu akaunti za namna hiyo zimejaa: mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliyemaliza, mhasibu aliyehamia kwa mshindani, simu iliyoibwa kwenye daladala. Ndiyo maana napinga ufunguo mmoja wa kushirikiana. Kila mtu awe na wake, kila kompyuta anayoifikia imdai hatua ya pili, na barua yake ya kuacha kazi isisainiwe kabla ufunguo haujafutwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania imekwisha kuanza kutumika, na ya Kenya ya mwaka 2019 inadai uvujaji wenye madhara uripotiwe ndani ya saa 72. Mwajiri asiyejua nani anaingia kwenye seva yake hataweza hata kuiandika ripoti hiyo.

Sisi mafundi tusijiweke kando ya kanuni hii. Kazi ikikamilika, mwenye ofisi akabidhiwe orodha ya funguo na majina ya walionazo, pamoja na nywila ya ruta ndani ya bahasha ya kuwekwa kabatini, na ufunguo wa fundi uzimwe mbele yake hadi atakapoitwa tena.