Sijavuliwa suruali na mjane jamani

Naona meseji zinaingia tu, wengine mnanipa pole, wengine mnaniuliza huyo mjane ana watoto wangapi. Haya tulieni. Kuna jamaa yangu, hapa tumwite Redio maana hana swichi ya kuzimia, ametuma klipu kwenye kila grupu alilomo kwamba "jamaa kavuliwa suruali na mjane mchana kweupe mbele ya majirani". Maneno yote ni ya kweli, tatizo ni mpangilio. Mjane ni buibui. Na suruali nilijivua mwenyewe.

Ngoja, hiyo nayo haijakaa vizuri.

Buibui wa miguu minane, siyo buibui la kuvaa, maana kuna mtu kashaniuliza alikuwa amevaa la rangi gani.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua kwamba tangu nikute wajane wa kahawia stoo nimekuwa kero. Kung'uta kiatu kabla hujavaa, vaa glavu kabla hujagusa kuni, usiache nguo sakafuni usiku, kila siku mimi na buibui, buibui na mimi. Jana nikavuka mpaka, nikawaita majirani barazani niwape somo kabisa. Na nilisema vizuri jamani, hilo naomba liingie kwenye rekodi. Nikawaambia buibui karibu wote wana sumu, na aina zilizoorodheshwa duniani ni zaidi ya 50,000, lakini wanaoweza kumdhuru mtu ni wachache mno, kwa hiyo yule bapa anayekimbia ukutani usiku mwacheni afanye kazi yake. Mjane mwenyewe hana ugomvi, hakufukuzi, anauma akibanwa. Wa kuogopa ni jike, mgeuze utaona tumboni ana alama ya rangi ya chungwa kama ile saa ya mchanga. (Usimgeuze. Ni namna ya kusema.) Anapenda pa giza pasipoguswaguswa, chini ya ndoo, ndani ya buti, chini ya ukingo wa kiti cha plastiki. Akikuuma tulia, osha kwa maji na sabuni, weka barafu kwenye kitambaa, usichanje, usinyonye, usifunge kamba, nenda hospitali. Bibi wa nyumba ya nyuma anatikisa kichwa, naam, naam. Nikajiona daktari bingwa.

Halafu nikavuta kiti nikae. Cha plastiki. Kwa kushika ukingo, kwa chini.

Ndiyo. Najua.

Kwanza vidole vikaingia kwenye utando. Utando wa mjane siyo ule wa kwenye kona unaopuliza tu unaondoka, ule ni mgumu, ukiukata unalia tra-tra-tra kama selotepu inabanduliwa. Nikausikia huo mlio. Kichwa kikasema toa mkono. Mkono ukasema subiri kwanza tujue ni nini. Kidole cha kati, kiherehere kile, kikasogea mbele kikakuta kitu chepesi, kikavu kidogo, kina miguu. Nikaihesabu jamani. Sijui nilipata wapi muda, ila nakumbuka nilifika wa tano, na hapo ndipo kitu kikanichoma, chwi!

Nilichotoa siyo yowe, yowe lina heshima yake. Ilikuwa ile sauti ya birika likishachemka na hakuna wa kuliepua. Kiti kikaruka. Mimi ninayefundisha usifunge kamba, mkono wangu mzima ukaenda wenyewe kiunoni, ukachomoa mkanda, ukaanza kufunga mwenzake. Sasa ile suruali niliinunua zamani nikiwa na tumbo, tumbo limeondoka suruali ikabaki, kilichokuwa kinatuunganisha ni huo mkanda. Nikaisikia inaanza safari. Mapaja. Magoti. Nataka kuidaka lakini mkono mmoja una sumu na mwingine unakaza fundo, na ncha ya mkanda nimeing'ata kwa meno kwa hiyo hata kuwaomba watu wageuke siwezi, natoa mmm mmm tu. Na boksa niliyovaa ni ile nilishaapa wiki tatu zilizopita kwamba ikikauka inakuwa dekio. Nikapiga hatua kukimbilia bomba, suruali ikanikamata vifundoni, nikaenda chini kama gunia.

Kimya.

Bibi akasema taratibu, "Baba, pandisha suruali kwanza, sumu itasubiri."

Yeye ndiye aliyenifungua mkanda, akaniosha kidole kwa sabuni, akaweka barafu kwenye kitambaa. Nikamuuliza bibi umejuaje, akaniangalia tu. "Si umetufundisha sasa hivi?" Mimi wakati huo najikagua dalili, jasho lipo, tumbo linakaza, misuli inatetemeka, nikaanza kusamehe watu. Nilisamehe mpaka wanaonidai.

Bibi akachota buibui mtuhumiwa kwa karatasi akamtia kwenye chupa daktari amtambue, tukaenda. Daktari akaitazama ile chupa kwa muda mrefu, akaitikisa.

"Huyu hayupo."

"Amekufa?"

"Hayupo. Hili ni ganda."

Buibui akikua anajivua kumbe, ganda linafunguka juu kama kifuniko, anatoka zake anaacha miguu yote minane imekamilika. Nilikimbia nguo za mtu. Kilichonichoma akakitoa kwa kibano, kijiti cha plastiki, ukingo wa kiti ulikuwa umepasuka. Nikachomwa sindano ya pepopunda, ambayo iliuma, nikaruhusiwa. Nimefika mlangoni daktari akaniita, "Lakini ganda lina mwenyewe."

Njiani nafungua simu, nakutana na klipu ya Redio. Dakika nne. Anacheka mpaka anafuta machozi, anawaigizia ile mmm mmm yangu. Nikaiangalia mara ya pili, siyo yeye, kiti. Amekalia kile kile. Na kila akizidiwa na kicheko anakishika ukingo kwa chini asianguke.

Nimefika nyumbani nikavaa glavu, nikakilaza kiti kwa fimbo, nikamulika tochi. Yupo. Mnene, ametulia, na vifuko vitatu vya mayai vyenye miiba kama tunda la mbono, sentimita chache tu kutoka pale vidole vya Redio vilipokuwa. Nikapiga picha kabla sijawaondoa, nikamtumia bila maneno.

Sasa hivi amepiga simu mara tisa, na amemuuliza bibi dalili huwa zinaanza baada ya muda gani. Nitapokea jamani, sina roho mbaya. Namalizia tu kuandika hapa.